Naomba ushauri: fizi za mama zimeota mpaka zinafunika meno, anatumia dawa ya presha

Wakuu habari zenu, mama yangu anatumia amlodipine 10 mg kwa ajili ya presha sasa fizi zimevimba zimeota mpaka zinafunika meno ya mbele, akipiga mswaki damu, siku hizi hacheki bila kuziba mdomo na roho inaniuma sana jamani. Daktari wa meno kasema chanzo ni hiyo dawa, hata nifedipine, dawa nyingine ya presha, hufanya hivyohivyo, akamsafisha ugaga akasema tuongee na daktari wa presha ambadilishie. Kuacha ghafla hatuthubutu, presha ikipanda ni kiharusi. Kuna aliyehamishiwa dawa nyingine ya presha kama losartan fizi zikanywea zenyewe, au ilibidi zikatwe? Na ilichukua muda gani?