Datsun 240Z yenye hedi ya N42: nitajuaje ni injini gani kabla ya kulipa?

Plagi_Sita:

Wakuu, kuna 240Z inauzwa huku Karen, Nairobi. Usukani kulia, chesisi inaanza na HS30. Logibuku inasema ujazo ni 2393 cc na namba ya injini inaanza na L24. Muuzaji anashikilia kwamba injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, imefanyiwa ovahoo tu. Shida ni kwamba injini yote imepakwa rangi nyeusi nzito mpaka mahali pa namba hapasomeki, na kwenye hedi (kichwa cha injini), kati ya plagi ya kwanza na ya pili, nimeona N42. Kila ninapouliza naambiwa N42 ni L28, yaani injini ya lita 2.8 badala ya 2.4.

Kabureta ni SU mbili, gia tano. Muuzaji amekubali nirudi Jumamosi na fundi, tutoe plagi na tupime kompresheni, lakini hataki tufungue zaidi ya hapo. Tuanzie wapi? Bei anayotaka ni ya gari ambalo kila kitu ni cha asili, na kama ni L28 nataka kujua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Bloki_na_Hedi:

Anayekwambia N42 ni L28 amesoma nusu ya habari. N42 ni alama ya hedi, na pia ni alama ya bloki. Nissan waliitumia kwa vyote viwili kwenye L28 za katikati ya miaka ya 1970. Hedi za familia ya L yenye silinda sita zinaingiliana, kwa hiyo hedi ya N42 inakaa juu ya bloki ya L24 bila neno. Ulichosoma kinakwambia jambo moja tu: hedi si ya asili. 240Z ya kwanza kwanza ilikuja na E31, zilizofuata E88. Hapo tayari maneno ya muuzaji yamepungua uzito, ila bloki bado hatujaijua.

Namba ya injini imegongwa kwenye kibao kidogo bapa juu ya bloki, upande wa plagi, nyuma kabisa karibu na silinda ya sita, chini tu ya gasketi ya hedi. Kwa gari lenye usukani wa kulia, ni upande wa dereva. Beba kitambaa, mswaki mgumu wa nailoni na dawa ya kuondoa rangi ya kupaka. Msipeleke brashi ya waya ya kuzungushwa na mashine, wala msasa. Mkikwaruza kibao hicho mtakuwa mmeharibu ushahidi mnaoutafuta, na mkaguzi atakayekuja baadaye hatajua ni nani aliyekwaruza. Rangi ikitoka, paka chaki, futa juu juu, chaki ibaki ndani ya mashimo ya herufi. Piga picha mwanga ukitoka pembeni.

Angalia sura ya kibao chenyewe kabla ya kusoma namba. Uso uliokatwa kiwandani una mistari midogo iliyonyooka, inayoendelea chini ya herufi. Ukikuta mikwaruzo ya duara, bonde katikati ya kibao, au herufi zimekaa kwa kina tofauti tofauti, hapo pamesagwa na kugongwa upya. Linganisha na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini.

Kuna pia kibati cha kiwanda ndani ya chumba cha injini. Kinaandika ujazo, umbali kati ya ekseli (2305 mm kwa 240Z), namba ya injini na namba ya gari. Kama kibati kipo na namba yake ya injini ni ile ya logibuku lakini kibao cha bloki kinasema kingine, basi injini ilibadilishwa na karatasi hazikufuata. Na misumari ya kibati itazame: kibati kikihamishwa, huwa ndiyo inayosema.

Baada ya hapo tafuteni alama ya bloki. Hii haikugongwa, ni herufi kubwa zilizoinuka, zimetoka pamoja na chuma kwenye kalibu. Mara nyingi zimefunikwa na mafuta na vumbi, kwa hiyo pelekeni kioo cha mkono mrefu na tochi, mpitishe pande zote mbili za bloki chini ya manifoldi na nyuma ya vishikio vya injini. N42 au F54 kwenye bloki ni L28, hapo hakuna ubishi. Namba ya kugonga mtu anaweza kuidanganya kwa nyundo, herufi za kalibu hawezi bila kuacha kovu.

Mwendo79:

Kama muuzaji anaruhusu plagi zitoke, pimeni mwendo wa pistoni. L24 ni kipenyo 83 kwa mwendo 73.7 mm. L26 ni 83 kwa 79. L28 ni 86 kwa 79. Ingiza kijiti cha mbao kwenye tundu la plagi, zungusha krenki kwa soketi ya 27, weka alama pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Tofauti ya milimita tano hata rula inaiona.

Bloki_na_Hedi:

@Mwendo79 hesabu zako ni sahihi ila kijiti kitamdanganya. Plagi za hedi za L zimelala, hazikusimama wima juu ya pistoni. Kijiti kikiinama digrii 20 tu, mwendo wa 73.7 utasomeka kama 78.4. Yaani L24 halali itaonekana L28, na jamaa atamkosea muuzaji heshima bure. Tena mbao laini ikivunjikia ndani mtakuwa mmejiletea kazi ya kufungua hedi ya mtu mbele ya macho yake.

Kuna njia ya kupima ujazo wenyewe bila kufungua: wakaguzi wa mashindano wana pampu ya kupimia inayofungwa kwenye tundu la plagi. Mkimpata mwenye kifaa hicho, silinda moja ya L24 inatakiwa isome karibu sentimita za ujazo 399, L26 kama 428, L28 kama 459. Tofauti hizo ni kubwa, hazifichiki. Kujaza mafuta kwa bomba la sindano na kuhesabu sikupendekezi. Tundu limelala kwa hiyo hewa hubaki juu, na mafuta yakisahaulika ndani mtu akapiga stata, konrodi inapinda.

Kilicho rahisi zaidi ni kamera ya kuchungulia, ile ya waya mwembamba inayounganishwa na simu. Mafundi wengi wa Industrial Area wanayo. Shusha pistoni, tazama uso wake. Ikiwa na bakuli la duara katikati, iko karibu kabisa na uhakika kwamba ni L28. Ikiwa bapa, haijathibitisha L24, kwa sababu L26 ni bapa na L28 ya F54 isiyo ya turbo nayo ni bapa. Bakuli linathibitisha; kukosa bakuli kunakurudisha kwenye herufi za kalibu.

Plagi_Sita:

Asante sana. Swali la pili. Tuseme ni L28 yenye pistoni bapa na hii hedi ya N42. Kuna ubaya wowote zaidi ya karatasi? Na kompresheni nitegemee ngapi? Fundi wangu anasema chini ya 170 psi injini imechoka.

Kipimo_cha_Juu:

Nianze na kompresheni, maana hiyo 170 ya fundi wako ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 na hewa ni nyepesi, shinikizo lake ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini nzima ambayo pwani ingesoma 175, hapa itasoma kati ya 140 na 150. Injini nyingi nzuri hukataliwa mjini humu kwa sababu ya namba hiyo moja.

Cha kuangalia ni uwiano. Silinda ya chini kabisa isiwe chini ya asilimia 80 ya ile ya juu kabisa. Pasheni injini moto kwanza, toeni plagi zote sita, chomoeni waya wa koili, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini ili vipepeo vya kabureta vifunguke. Betri iwe imejaa. Zungusheni mpaka mshale uache kupanda. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, fikirieni gasketi ya hedi. Moja ikiwa chini, wekeni kijiko cha mafuta ya injini mpime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali.

Kuhusu N42 juu ya pistoni bapa za L28: uwiano wa mgandamizo hupanda kupita 10 kwa 1. L28 ya kiwanda yenye N42 zote mbili (bloki na hedi) na pistoni za bakuli ilikuwa 8.3. Kwa petroli ya kawaida ya pampu, 10 na zaidi kwenye chemba hizi za zamani huifanya injini igonge, hasa ukikanyaga mafuta kwa gia kubwa ukiwa kwenye mlima. Na hapa ndipo gari la Nairobi linapodanganya: hewa nyepesi huificha shida. Gari litakuwa kimya Ngong Road, ulishushe Mtito Andei kuelekea pwani lianze kulia kama njugu kwenye bati. Mwulize muuzaji swali hili: taimingi imewekwa digrii ngapi, na anatia petroli gani. Akisema taimingi imerudishwa nyuma sana ili injini isigonge, ameshakujibu.

Pima pia unene wa hedi kabla hujaondoka. Hedi ni alumini juu ya bloki ya chuma, na ikichemka inapinda. Mtu akitia maji matupu ya bomba miaka na miaka, njia za maji huliwa na hedi hupelekwa kusagwa. Hedi ya L ikiwa nzima ina kama 108 mm kutoka uso wa kava ya vali hadi uso wa gasketi. Kalipa inaweza kushika hapo kwa pembeni bila kufungua kitu. Ikiwa imepungua milimita nzima au zaidi, cheni ya kamshafti inakuwa imelegea na kamshafti inachelewa, isipokuwa aliyesaga aliweka shimu (vibati vyembamba) chini ya minara ya kamshafti. Kusaga pia huongeza mgandamizo, juu ya ule uliokwisha panda.

Karatasi_Kwanza:

Naongeza upande wa sheria, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotelea. Kabla ya Jumamosi, chukua kumbukumbu za gari kwenye akaunti yako ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ndani ya eCitizen, ujue jina la mwenye gari, chesisi, injini na ujazo kama vilivyo kwao, si kama vilivyo kwenye karatasi ya muuzaji. Injini ikiwa L28, muuzaji ndiye abadilishe taarifa za injini kwanza: risiti ya ununuzi wa injini, ukaguzi kwenye kituo cha Likoni Road, logibuku mpya. Usikubali "tutabadilisha pamoja ukishanunua". Injini isiyo na risiti inakuwa mzigo wako siku hiyo hiyo.

Kibao kikiwa kimesagwa, hata kama gari ni zuri vipi, acha. Hilo ni jambo la DCI (wapelelezi wa jinai), na anayepatikana na gari ndiye anayeulizwa.

Mwendo79:

Nimekubali kuhusu kijiti. Swali kwa wote: L28 nyingi za hapa si zinatoka kwa Patrol 160?

Bloki_na_Hedi:

Zingine, na zingine za Datsun 280C. Ndiyo maana namba ya L28 peke yake haisemi kwamba injini ilitoka kwenye Z. Na mtu akikuambia ni "lita tatu", mwulize krenki. Krenki ya dizeli ya LD28 ina mwendo wa 83 mm na watu huiweka ndani ya L28. Hilo halionekani kwa nje kabisa, herufi za kalibu zitasema L28 tu. Hapo ni pampu ya ujazo, au risiti za aliyeijenga.

@Plagi_Sita, kama bloki ni L28 yenye pistoni za bakuli, kompresheni iko sawa na karatasi zimenyooshwa, mimi ningeinunua kwa furaha: ina nguvu zaidi ya L24 injini ikizunguka polepole, na kwa kuendesha kila siku ni bora. Ila si kwa bei hiyo anayoitaka. Tazama pia difu ukiwa chini ya gari. 240Z ilikuja na R180. Ukikuta R200, iliyo kubwa zaidi, aliyejenga gari hili alijua injini ni kubwa kuliko anavyokuambia.

Plagi_Sita:

Nimeelewa. Dawa ya rangi, kioo, kamera, kalipa, soketi ya plagi ya 21. Nitaweka picha za kibao hapa Jumamosi jioni.

Karatasi_Kwanza:

Ukiziweka, funika tarakimu nne za mwisho za injini na chesisi. Kuna watu wanaotafuta namba safi za kugonga kwenye vyuma vyao.