Wakuu nichague ipi: Montgomery, Nashville au Birmingham?

Kidagaa: Wakuu za jioni. Nina mada ya kuwasilisha, weusi wa Marekani walivyodai haki kwa kuvunja sheria bila ngumi. Nimebaki na hizo tatu, kesho nampa ticha jibu. Ipi itabamba?

Ngosha77: Dakika ngapi? Mbele ya kina nani? Unaleta swali nusu halafu unasema kesho.

BintiTanga: Nashville, funga mjadala. James Lawson aliwafundisha wanafunzi kwanza, wanaigiziana kanisani, mmoja anakaa kama yuko hotelini wenzake wanamtukana, wanamvuta nywele, wanampulizia moshi wa sigara na yeye asirudishe. Februari 1960 wakaenda kukaa kweli kwenye kaunta za chakula za wazungu tu, Mei zikafunguliwa kwa weusi.

Mzee wa Kahawa: Montgomery mtego mwanangu. Mimi niliiwasilisha, nimejaza Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, na Martin Luther King, umeme ukakatika dakika ya tatu, sawa nikaendelea kwa mdomo, katoto kamoja huko nyuma kakanyoosha mkono, eti siku 381 hawapandi basi, kazini walifikaje? Nikabaki natoa macho, ukumbi mzima kicheko. Baadaye ndo nasoma kumbe magari binafsi karibu 300 yalikuwa yanabeba watu kwa vituo kama daladala, wengine kwa miguu. Utamu wote uko hapo na mimi nimeuruka.

Ngosha77: Halafu kugomea basi sio kuvunja sheria, nauli si yako?

BintiTanga: Alabama walikuwa na sheria ya 1921 ya kuzuia kususia biashara. King alitiwa hatiani kwa hiyo hiyo Machi 1956.

Ngosha77: Kutiwa hatiani ni kitu kingine. Birmingham ndo uvunjaji wenyewe, mahakama imekataza maandamano, King kaandamana Ijumaa Kuu 1963, akaswekwa ndani.

Jirani254: Na Mei watoto wakatoka, Bull Connor, bosi wa polisi wa pale, akawaachilia mbwa na maji ya zimamoto. Lakini mbona hamjamtaja Mboya? Kina King walimkaribisha Atlanta 1959.

Ngosha77: Wakenya bana, kila kitu Mboya 😂

Jirani254: Sasa ni uongo?

Kidagaa: Samahani nilisahau, dakika 15, kidato cha tatu. Nilishaegemea Nashville ila hilo swali la kazini limenikaa. Mzee, mafuta ya hayo magari alilipa nani?

Mzee wa Kahawa: Michango, makanisani sana sana. Bima zao zikafutwa wakaenda kukata London. Wakikuuliza zaidi ya hapo usinitaje.