Ndugu wanataka kumfungia mlevi wa chang'aa ndani wikendi nzima ili aache. Kuna hatari gani?

Mhudumu_Mathare
Habari zenu wakuu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Katika nyumba ninazozitembelea kuna mzee wa miaka 46, fundi wa mjengo, anayekunywa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kila siku. Asubuhi ni lazima atoe loki, yaani anywe kidogo, ndipo mikono itulie. Yuko mwezi wa pili wa dawa za TB na ameanza kuruka siku. Ndugu zake wamepanga kumfungia chumbani kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, apewe uji na maji tu. Mmoja ameshanunua diazepam (dawa ya kutuliza) dukani, mwingine anataka kumtilia disulfiram (dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe) kwenye chai bila yeye kujua. Nataka niwaeleze hatari zenyewe, na niwape mpango wa kufuata badala ya huo wao.

Muuguzi_Eastlands
Dada, hakikisha hafungiwi. Pombe huutuliza ubongo, nao ubongo ukishazoea hujisukuma upande wa pili ili ubaki macho. Pombe ikikatwa ghafla, ni kama mlango uliokuwa ukiusukuma kwa nguvu zote ufunguliwe kwa mara moja: unaanguka nao.

Hesabu saa tangu kikombe cha mwisho. Kati ya saa 6 na 12 huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi. Degedege huja kati ya saa 6 na 48, na wengine huanguka bila dalili kubwa za awali. Kati ya saa 48 na 96 ndipo hatari ya kuchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, hajui yuko wapi, joto na mapigo ya moyo vinapanda. Hali hiyo huua. Sasa tazama ratiba yao: akinywa mara ya mwisho Ijumaa jioni, hatari ya degedege inaanza usiku huo huo hadi Jumapili jioni, na ya kuchanganyikiwa inaanza Jumapili jioni, mlango ukiwa na kufuli na kliniki nyingi zikiwa zimefungwa.

Muulize mambo matatu: amewahi kuanguka kifafa alipokosa pombe? Amewahi kuona vitu visivyokuwepo? Ana ugonjwa mwingine? La tatu tayari jibu ni ndiyo, kwa hiyo huyu anaachishwa akiwa hospitalini. Hadi aonwe na daktari asikate ghafla, na kumpunguzia nyumbani kwa vipimo si rahisi, kwa sababu nguvu ya chang'aa hubadilika kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Mpelekeni siku ya kazi, asubuhi, mkiwa na kadi yake ya TB. Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, wana kitengo cha waraibu. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Diazepam ndiyo dawa yenyewe ya kuachishia pombe, ila hutolewa na mtu anayepima pumzi na fahamu, kisha inapunguzwa kwa siku 3 hadi 7. Akiimeza juu ya chang'aa aliyoificha chini ya kitanda, pumzi inaweza kusimama usingizini. Ichukue kwao leo ukiweza.

Tena ulizia thiamini, yaani vitamini B1, ambayo kwa kawaida ni miligramu 100 kwa siku kwa siku 5. Mnywaji asiyekula huishiwa nayo, na akimwagiwa glukosi bila hiyo, ubongo unaweza kuumia: macho yanachezacheza, anayumba bila kulewa, kumbukumbu inapotea. Lakini akizimia na sukari ya damu iko chini ya 3.9 mmol/L, glukosi haisubiri.

Tabibu_Kayole
Hapo kwenye disulfiram niongeze, maana ndilo kosa baya kuliko yote. Ukimtilia mtu kwa siri, akinywa anapata mapigo ya kasi, kutapika na presha kushuka. Mwenye moyo dhaifu anaweza kufa, na daktari hatajua kilichompata. Kwa huyu kuna la ziada: mwezi wa pili wa TB bado anameza isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, na dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuleta mkanganyiko wa akili na kuyumba.

Ini lake nalo linabebeshwa mzigo na pombe pamoja na dawa zake za TB: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Usitegemee rangi ya mkojo, kwa kuwa rifampisini huufanya wa rangi ya chungwa kwa kila mtu. Tazama weupe wa macho kwenye mwanga wa jua. Ukiwa wa njano, au anatapika na kuumwa chini ya mbavu za kulia, afike kliniki siku hiyo hiyo. Miguu ikifa ganzi, uliza kama anapewa vitamini B6.

Mhudumu_Mathare
Shukrani sana. Na akisema haoni vizuri? Ni pombe au ni dawa?

Tabibu_Kayole
Ethambutoli, dawa nyingine ya TB, huharibu uwezo wa kuona polepole, mara nyingi kwa kuchanganya nyekundu na kijani. Methanoli, pombe ya sumu inayoweza kuwa ndani ya chang'aa, huja haraka: saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, wakati mwingine zaidi ikichanganyika na pombe ya kawaida. Ukungu mweupe machoni, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka. Ini huigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa macho. Msimpe maziwa wala kumtapisha. Ni gari moja kwa moja hadi hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, na waliokunywa naye watafutwe hata kama wanajiona wazima. Kuwasha pombe kwa kiberiti hakuthibitishi kitu, zote mbili huwaka.

Mshauri_Nasaha_Huruma
Akitoka wodini, kinachomrudisha ni Jumamosi ya malipo. Fundi analipwa taslimu jioni, njia ya nyumbani inapita kwa mama pima (muuza chang'aa), na kule ana deni. Zungumza naye mwenyewe, akiwa hajalewa, akubali malipo yaende kwa M-Pesa ya mtu anayemwamini. Kama hakukubali, usilazimishe, ataanza kuficha kazi. Dawa za TB ameze asubuhi kabla ya kwenda mjengoni, mtu akimwona. Akiteleza akanywa, aendelee kuzimeza isipokuwa kliniki imemwambia asimame. Wengi huziacha kwa kuogopa mchanganyiko, na hapo ndipo usugu wa TB kwa dawa huzaliwa. Deni la mama pima alipe mtu mwingine, mchana, yeye asiende.