Wewe unayesema "weka tu Java", njoo hapa utuambie Java IPI, maana bando limeisha na duka limelala siku mbili

Wakuu salaam. Leo sina utangulizi, nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivyo hivyo.

Anko wangu ana duka la spea za pikipiki hapa Makambako. Mimi ndo "mtaalamu wa kompyuta" wa ukoo, cheo nilichopewa kwa sababu niliwahi kurudisha picha zilizofutika kwenye simu ya shangazi. Dukani kuna programu ya stoo na mauzo aliyoitengeneza fundi mmoja (simtaji, na msinifuate PM kuniuliza), imeandikwa kwa Java (lugha ya kuandikia programu, na ili iwake lazima kompyuta nayo iwe imewekewa Java), inatoa risiti kwenye kile kiprinta kidogo cha karatasi ya rola. Programu yenyewe sisemi vibaya, miaka mitatu inapiga kazi, sproketi zimebaki ngapi, nani kakopa cheni, yote unaona.

Jumatatu asubuhi fundi katuma apdeti WhatsApp. Nikafungua zip, nikabadilisha faili kama alivyoelekeza, nikabonyeza mara mbili. Dirisha jeusi likawaka kama sekunde moja likazima. Nikabonyeza tena, likawaka, likazima. Anko kasimama nyuma yangu, hasemi kitu, anahema tu.

Nikaingia cmd (dirisha la Windows la kuandika amri) nikaiwasha kwa mkono nione inalia nini. Ikatema UnsupportedClassVersionError, kwamba programu ni class file version 61.0 na Java iliyopo inatambua mwisho 52.0. Nikampigia fundi, akapokea kuna kelele za grinda huko aliko, akanijibu hivi: "Kaka we weka tu Java mpya." Akakata.

Weka tu Java mpya. Jamani. Hiyo sentensi ndo imenifanya nifungue huu uzi, kwa sababu hakuna kitu kinaitwa "Java mpya" kimekaa mahali kinakusubiri, kuna msitu, na mwenye programu anaujua msitu halafu anakuachia wewe mwenye GB 1 ya kuungaunga uingie peke yako bila tochi.

Ngoja niwaambie nilivyotembea.

Nikaanza na ule ukurasa ambao ukitafuta Java ndo unakuja wa kwanza, ule wa watu wa kawaida wenye kitufe kimoja kikubwa. Nikashusha, nikainstoo, nikarudi kwenye programu, eroo ile ile, 52.0. Kumbe kile kitufe mpaka leo kinakupa Java 8! Namba yake ya apdeti imeenda mamia huko, tarehe ni ya juzi, kwa hiyo kwa macho ni "mpya", lakini toleo lenyewe lilitoka Machi 2014. Na ukiandika java -version haikwambii 8, inakwambia 1.8.0, maana zamani walikuwa wanahesabu 1 nukta kitu, wakaacha walipofika 9. Sasa mtu mgeni atajuaje kwamba 1.8 na 8 ni mtoto mmoja ana majina mawili?

(Hizo namba za eroo nazo nimekuja kujua ni rahisi kuliko zinavyotisha. Toa 44. 52 toa 44 ni 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Fundi angeniambia neno moja tu, "kumi na saba", ningeokoa siku nzima.)

Basi nikajua nahitaji 17 kwenda juu. Nikaenda kwenye kurasa nyingine sasa, zile zenye orodha. Wakuu mmewahi kuziona? Temurin, Zulu, Corretto, Liberica, Microsoft nao wana yao, Oracle wana yao. Nikadhani ni lugha tofauti. Kumbe zote zimechotwa kisima kimoja, OpenJDK (msimbo wa Java ulio wazi kwa wote), kila kampuni inapakia kwenye ndoo yake na kubandika jina lake. Kwa programu ya stoo ya spea haijalishi sana umechukua ndoo ya nani. Kinachojalisha ni leseni, kuna wajuaji humu watakuja kusema "Java ni bure wewe acha kulia", sio zote mkuu. Tangu Aprili 2019 apdeti za Java 8 za Oracle ni bure kwa matumizi yako binafsi, ukiwa biashara ni habari nyingine, na duka la anko ni biashara. Za kina Temurin na Corretto unatumia hata dukani haudaiwi.

Haya, umechagua ndoo. Sasa inakuja safu ya pili: JDK au JRE. JDK ni ya anayeandika programu, imebeba vyombo vyote vya jikoni. JRE ni ya anayekula tu. Mimi nakula tu! JRE ni kama MB 40 na kitu, JDK inapita 150. Kwa mtu anayetumia hotspot ya simu hiyo tofauti ndo bando lenyewe, lakini nani kakwambia? Zaidi ya hapo Oracle waliacha kutoa JRE peke yake kuanzia Java 11, kwa hiyo kuna mahali utaitafuta mpaka usiku hutaiona, na kuna mahali ipo imejificha kwenye kimenyu cha kuchagua. Mimi nikashusha JDK, MB zikaenda.

Na si kwamba niliishusha ilio sahihi. Safu ya tatu ndo kaburi langu. Inakuuliza aina ya mashine. Nikafungua sehemu ya About kwenye Windows, imeandikwa mfumo ni wa biti 64. Safi. Narudi kwenye orodha natafuta 64, naona aarch64. Si ina 64? Nikachukua. Imeshuka dakika arobaini, nabonyeza, Windows inaniambia kifurushi hiki hakikubaliani na aina ya prosesa yako. Nikacheka aisee, sio cha furaha.

aarch64 ni ya ARM wakuu. Simu yako, Mac za kuanzia ile M1 ya 2020, Raspberry Pi, na vilaptopu vichache vya Windows vyenye Snapdragon. Laptopu ya kawaida ya Intel au AMD haihusiki kabisa. Wewe yako inaitwa x64. Au amd64. Au x86_64. YOTE NI KITU KIMOJA. Na ile ya biti 32 inaitwa x86, au i586, au i686, nayo ni kitu kimoja. Sasa angalia uhuni huu, x86 ni biti 32 lakini x86_64 ni biti 64, mtu mwenye miwani mibovu kama mimi si anapotea? Eti 86 imetokana na chip ya Intel ya 8086 ya mwaka 1978. Mwaka 1978 unanitesa mimi leo Makambako. Na hiyo amd64 watu wanaikimbia wakidhani ni ya wenye AMD tu, inaitwa hivyo kwa sababu AMD ndo walitangulia kuipeleka hiyo familia kwenye biti 64, Intel wakafuata njia yao, jina likabaki. Laptopu ya dukani ni Intel na amd64 ni yake.

Jumanne. Bando jipya, la mfukoni kwangu. Nikashusha x64, toleo la 21 kabisa nisije nikalaumiwa. Nikainstoo. Programu IKAFUNGUKA. Anko akapiga makofi. Kuna jamaa wa bodaboda alikuwa amesubiri breki shuu tangu tunafungua, tukamwita awe wa kwanza kutolewa risiti. Nikabonyeza "Chapa".

Kimya. Halafu eroo, nainakili kama ilivyo kwa sababu inaudhi: Can't load IA 32-bit .dll on a AMD 64-bit platform.

Jamaa wa boda akaandikiwa kwenye kaunta buku akaondoka zake, mimi nikabaki nimekodoa.

Hapa ndo penyewe sasa, na ndo maana nawaambia ushauri wenu wa "angalia kompyuta yako ni biti ngapi" ni NUSU ya ushauri. Kompyuta ni biti 64, sawa. Lakini kile kiprinta programu inaongea nacho kupitia kafaili ka dll (kipande cha programu ambacho programu nyingine inakiazima) kalikokuja na printa, na hako kafaili ni ka biti 32. Java ya biti 64 haiwezi kubeba dll ya biti 32, haiwezi hata ukiipigia magoti. Windows ya biti 64 yenyewe haina neno, inaendesha programu za 32 na za 64 pamoja, ndo maana una folda mbili, Program Files na ile nyingine yenye mabano ya x86. Lakini ndani ya programu moja hazichanganyiki. Kwa hiyo mashine yangu ya biti 64 ilikuwa inahitaji Java ya biti 32, na ile Java 8 ya zamani fundi aliiweka ya 32 MAKUSUDI miaka mitatu iliyopita. Alijua! Alijua akasahau, au alijua akaona haina haja ya kusema.

Niliuliza kwenye group moja nikajibiwa "bro 32 bit ni ya kizamani weka 64". Asante sana profesa. Ni ya kizamani kweli, mpaka Java 24 ya Machi 2025 wameiondoa kabisa kwa upande wa Windows, lakini dll ya printa haijapata hiyo taarifa.

Kwa hiyo jibu sahihi, jibu pekee, lilikuwa hili: Java 17, JRE, Windows, x86. Maneno manne! Yanaingia kwenye meseji moja ya WhatsApp na nafasi inabaki ya kuweka emoji. Nikaipata kwa Temurin, ndogo, ikashuka fasta.

Mnadhani imeisha? Nikaiwasha, eroo 61 na 52 imerudi. Nikashika kichwa. Nimeondoa ile 21, nimeweka 17, kwa nini inaongea habari za 8? Nikaandika where java kwenye cmd, zikaja njia mbili. Ya juu ni folda ya javapath iliyoachwa na ile Java 8 ya siku ya kwanza, ya chini ndo 17 yangu. Windows inasoma PATH (orodha ya folda inamotafuta programu) kuanzia juu, ikikutana na java ya kwanza inabeba hiyo hiyo haiangalii nyuma. Nikaenda kwenye environment variables (mipangilio ya Windows inamokaa hiyo PATH) nikaipandisha 17 juu, nikafunga cmd nikafungua nyingine (usipofunga haioni mabadiliko, hili nalo lilinila nusu saa). java -version: 17.

Nikawasha. Ikakataa tena, inasema haiwezi kutenga nafasi ya object heap (sehemu ya RAM ambayo Java inaitumia). Hili ni kosa langu nakubali, jana yake nilifuata video ya jamaa mmoja nikaongeza -Xmx2g (yaani iruhusiwe mpaka GB 2) kwenye faili la bat, lile la amri za kuwashia programu, ati programu iwe nyepesi. Java ya biti 32 kwenye Windows kwa kawaida inaishia GB 1 na nusu hivi, haijalishi una RAM kiasi gani. Nikarudisha -Xmx512m.

Ikafunguka. Nikabonyeza Chapa. Kiprinta kikalia kile kisauti chake cha kukwaruza, karatasi ikatoka, plagi moja, shilingi kadhaa, asante karibu tena. Saa kumi na moja jioni ya Jumanne.

Sasa mnaotengeneza programu na kuwauzia watu wa maduka, nawauliza kwa heshima kidogo iliyobaki: mnashindwaje kuandika mstari mmoja ndani ya ile zip? Toleo lipi, JRE au JDK, biti ngapi. Au kama mnajua mteja ni mzee wa spea, si mfungashe JRE yenyewe ndani ya folda ya programu, bat iielekee hiyo hiyo, mtu asishushe chochote? Inawezekana, jlink (chombo cha kutengeneza JRE ndogo ya programu yako) ipo tangu Java 9, na hata kunakili tu folda ya JRE kunatosha. Ila hamfanyi, mnasema "weka tu Java", mnarudi kwenye grinda.

Na wale wa "mngetumia sistimu ya mtandaoni" msianze, intaneti hapa mvua ikinyesha inaondoka na wingu.

Nyongeza, saa tatu usiku: naingiza mauzo ya siku mbili kutoka kwenye kaunta buku, kuna ukurasa umemwagikiwa oili chafu hausomeki, anko anakisia kwa kumbukumbu. Fundi kanitumia meseji sasa hivi, anauliza kama imekubali, halafu anasema wiki ijayo ana apdeti nyingine. Nimeisoma. Sijamjibu.