Naomba ushauri: singeli ya BPM 220, kiki inapiga nzito-nyepesi na sauti ya MC inazama

BitiUani

Wakuu, habari za jioni. Naombeni masikio yenu kwenye hii singeli kabla haijatoka. Naweka maelezo yote ili asibahatishe mtu.

Kasi ni BPM 220 (mapigo 220 kwa dakika), urefu dakika 3 na sekunde 10, imetengenezwa kwenye FL Studio. Ndani kuna kiki moja (ngoma nzito ya chini) ya aina ya 808, besi ya sintesaiza, haihati mbili (matoazi madogo), makofi, na kinanda kinachozunguka mwanzo hadi mwisho. Kuna pia kipande cha ngoma za mkono kilichorekodiwa kwa BPM 120 kisha kikakimbizwa hadi 220. MC kachana treki mbili, kuu na ya kurudia. Maiki ni kondensa, chumba ni kitupu, sakafu ya saruji.

Kinachonisumbua: kuanzia 0:21 kiki haitulii, pigo moja linagonga kifua, linalofuata linapita kama halipo, na velositi (nguvu ya kila pigo) zote ziko sawa. Kuanzia 0:40 MC akiingia maneno hayashikiki hata nikipandisha feda (kitelezi cha sauti). Na kwenye simu besi inapotea kabisa. Nimeshakata EQ (kupunguza masafa fulani) kila chaneli mpaka ala zimebaki nyembamba, lakini mvurugano uko palepale.

Linki ina WAV ya biti 24, 44.1 kHz. Semeni kwa dakika na sekunde tafadhali.

FundiMiksa

Mkuu, nimesikiliza mara nne, mara mbili kwa spika na mbili kwa hedifoni. Acha EQ kwanza. Tatizo lako kubwa ni muda.

Gawa 60,000 (milisekunde za dakika moja) kwa 220: pigo moja ni milisekunde 273, nusu pigo 136, robo pigo 68. Sasa fungua kiki yako uangalie wimbi lake. Kwa ninavyoisikia, mlio unaburuza si chini ya milisekunde 350. Maana yake kila kiki inaingia wakati iliyotangulia bado inanguruma kwenye 50 Hz na kitu. Mawimbi mawili ya chini yakikutana yakiwa yanapanda pamoja, pigo linakuwa zito. Moja likipanda wakati jingine linashuka, yanafutana, na hiyo ndiyo kiki yako "inayopita kama haipo". EQ haiwezi kutibu hilo, kwa sababu zote mbili ni kiki ileile kwenye masafa yaleyale.

Fupisha kiki hadi milisekunde 130 au 140, na milisekunde 10 za mwisho ziwe zinafifia, usiikate ghafla maana itatoa mlio wa "tik". Kuna watu watakwambia uwashe "Cut itself" kwenye chaneli, kiki mpya inyamazishe iliyotangulia. Inasaidia, lakini inakata popote wimbi lilipo, na kwa besi nzito hiyo "tik" utaisikia. Fanya kwa envelopu (mkunjo unaoamua sauti inavyoanza na kufifia).

Besi nayo ivute juu kidogo. Kwa kasi hii usiziache kiki na besi zote zigombanie 50 hadi 70 Hz. Mpe kiki eneo hilo, besi ikate chini ya 80 Hz, nguvu yake ikae kati ya 90 na 150. Noti za besi ziishe kabla ya kiki inayofuata, hata kwa milisekunde 20 tu. Huo upenyo mdogo ndio unaofanya singeli iruke badala ya kuunguruma.

Ukitaka sidicheini (kiki ikipiga, besi inashuka yenyewe), peleka kiki kwenye chaneli ya besi na utumie upande wa COMP (kompresa, inayobana sauti ikizidi) wa Fruity Limiter: uwiano 4 kwa 1, kuanza kubana milisekunde 1 au 2, kuachia milisekunde 50 hadi 60. Usizidishe 68 maana besi haitapata nafasi ya kurudi juu. Usishuke chini ya 20 pia. Wimbi moja la 55 Hz lina urefu wa milisekunde 18. Kompresa ikiachia haraka kuliko hapo inaanza kulifuata wimbi lenyewe, na besi inakoroma.

Hizo ngoma za mkono nazo: umezikimbiza kwa "Resample" au kwa njia inayobakiza noti?

BitiUani

Asante sana mkuu. Nimepima kiki, ni milisekunde 380. Ngoma za mkono ni "Resample".

FundiMiksa

Basi hapo pana jingine. Kutoka 120 hadi 220 ni mara 1.83, yaani sauti imepanda karibu nusutoni kumi na nusu. Mwili wa ngoma uliokuwa 100 Hz sasa uko 183 Hz, na mlio wa kidole kwenye ngozi uliokuwa 4 kHz uko zaidi ya 7 kHz. Ule mwili umehamia kwenye kifua cha sauti ya MC, na ule mlio wa juu umerundikana na haihati zako mbili.

Usikimbilie njia ya kubakiza noti, kwa kasi hii inapasua, kila pigo linasikika kama limegongwa mara mbili. Dawa ni kukikata kile kipande pigo kwa pigo, Fruity Slicer inatosha, kisha upange vipande kwenye 220 bila kuvikimbiza. Mlio unabaki wa asili, unafupisha tu mwisho wake. Kazi ya saa nzima, lakini ngoma zinarudi kuwa ngoma.

Tahadhari moja: kwenye singeli huo mlio uliokimbizwa ni ladha pia, wengi wanautaka hivyohivyo. Ukiupenda, uache, ila kata chini ya 250 Hz na uushushe dB 3 MC anapochana.

DadaMawimbi

Kaka, mimi nazungumzia sauti tu. Sikiliza 0:40 hadi 0:48 ukiwa umezima kila kitu isipokuwa MC na haihati. MC amechelewa, tena kwa kiasi kilekile kila mstari, kwa hiyo si kosa lake. Ni mashine.

Bafa yako (sampuli ambazo kompyuta inakusanya kabla ya kuzipitisha) ikiwa 512 kwa 44.1 kHz, kwenda tu ni milisekunde 11.6. Kwenda na kurudi ni 23, hapo hujahesabu kadi ya sauti yenyewe. Kwenye wimbo wa BPM 90 hakuna atakayegundua. Kwenye 220 hiyo ni theluthi ya robo pigo. Konsonanti za MC zinaangukia nyuma ya haihati, na sikio linazichukulia kama sehemu ya haihati. Ndiyo maana feda haisaidii.

Ipime hivi. Weka mlio mmoja mkavu wa haihati mwanzo wa baa, hedifoni ibane kwenye maiki, rekodi. Kuza picha ya wimbi mpaka uone haihati ya asili na ile iliyorudi kupitia maiki. Umbali kati yao ndio ucheleweshaji wako. Ukipata milisekunde 24, sogeza klipu zote za sauti kushoto kwa 24 ili zianze mapema, zote kwa pamoja, usiguse mstari mmojammoja.

Treki ya kurudia ndiyo inaua maneno zaidi. Mtu hawezi kurudia mstari wa kasi hii bila kupishana na ule wa kwanza kwa milisekunde 30 hapa na pale, na 30 ni karibu nusu ya robo pigo. Silabi mbili zinasikika kama tatu. Bakiza neno la mwisho la kila mstari tu, lishushe dB 8 hadi 10 chini ya sauti kuu, kata chini ya 200 Hz.

Kwenye sauti kuu: kata chini ya 100 Hz, ondoa dB 3 kwenye 300 Hz, kompresa uwiano 4 kwa 1, kuanza milisekunde 4, kuachia 50, sindano icheze dB 4 hadi 6. Mwangwi usizidi sekunde 0.4. Ulioweka sasa naukadiria sekunde moja na nusu, hiyo ni zaidi ya mapigo matano. Silabi za mstari wa kwanza bado zinaelea wakati MC yuko wa pili. Ukitaka upana tumia dilei ya milisekunde 136, iwe chini kabisa, na uikate chini ya 500 Hz.

Kinanda usikikate EQ moja kwa moja. Kishushe dB 3 kati ya 2 na 4 kHz MC anapochana tu, kwa otomesheni. Akinyamaza kirudi, maana kinanda ndicho kinachotoa roho ya mchiriku humo ndani, kwa nini ukinyonge muda wote?

Na hicho chumba. Godoro usiliweke nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya. Maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele yake) haisikii sana mgongoni kwake, inasikia kilicho mgongoni kwa MC. Liegemeze nyuma yake, blanketi sakafuni, mdomo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki.

SautiKubwa

Mimi naona mnamchosha. Singeli ni fujo, ipige mpaka -6 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), vigodoroni, kwenye sherehe za mtaani, hakuna anayesikiliza 300 Hz. Wimbo wako uko chini, ndiyo maana haugongi.

MkongweMono

Mkuu SautiKubwa, kuhusu kigodoro una hoja. Pale hakuna mtandao wa kusawazisha sauti, unaokuwa juu unasikika juu. Lakini sikiliza alichofanya: yuko juu tayari. Kwenye Master naona amebaki na ile Fruity Limiter inayokuja na templeti, na kiki inaibana vibaya, kila ikigonga MC anazama pamoja na kinanda. Ukiongeza mpaka -6 utamzamisha zaidi.

BitiUani, toa limita hiyo (inayozuia vilele visivuke kikomo) unapomiksi. Chagua chaneli zote, zishushe kwa pamoja mpaka kilele cha Master kisome karibu na -6 dB. Limita irudi mwisho wa kazi, ibane dB 3 au 4 tu. Programu ya bure ya Youlean itakupimia LUFS. Spotify inasawazisha kwenye -14, kwa hiyo ukipeleka -6 itashushwa dB 8 na kitakachobaki ni kule kubanwa bila ule ukubwa. Si lazima singeli ikae -14, itakosa ubavu. Lenga -9, kilele halisi kisizidi -2 dBTP kwa sababu kugeuza kwenda faili la kubanwa huongeza vilele. Ya kigodoro toa nyingine, -7 inatosha.

Besi kwenye simu: spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya 200 Hz, kwa hiyo 100 yako haitasikika hata uiongeze vipi. Nakili chaneli ya besi, kwenye nakala weka satureshe mpaka ikwaruze, baada yake kata chini ya 150 Hz, kisha ichanganye chini ya ile ya asili, dB 12 hivi. Inazaa 200, 300, 400 Hz, na sikio likisikia ngazi hizo linajijazia 100 lenyewe.

Jambo jingine, ukimtumia mtu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Na ukilinganisha na wimbo wa mwingine, ushushe huo mwingine ufikie LUFS ya wako kwanza. Ulio juu kwa dB 2 siku zote utaonekana mzuri zaidi.

DadaMawimbi

BitiUani, nipe nikupe. Nimeweka wangu hapo chini, bongo fleva BPM 112 yenye logi dramu (ile besi-ngoma ya amapiano). Kiitikio kinanipotea kwenye spika ya simu, kwenye hedifoni kimejaa vizuri. Nani ana sikio?

BitiUani

Dada, nimesikiliza. Kwenye 1:12 nimebonyeza mono na sauti ya kiitikio imekuwa kama inatoka kwenye bomba. Nadhani umenakili treki moja, ukaiweka kushoto na kulia, na ya kulia ukaichelewesha kidogo. Ikiwa ni milisekunde 15, zikijumlishwa zinafutana kwenye 33, 100, 167 Hz na kuendelea kila baada ya 67 hivi, mpaka juu. Simu nyingi zinajumlisha au karibu kujumlisha, ndiyo maana kinapotea pale. Rekodi tena mara mbili za kweli, moja kushoto moja kulia, na ya katikati ibaki peke yake. Kwa 112 kupishana kidogo hakuna shida.

Logi dramu kwenye 1:20 inashuka noti huku sauti yako iko chini, zinagongana karibu na 200 hadi 300 Hz. Ishushe dB 2 hapo kwenye kiitikio tu.

DadaMawimbi

Ni milisekunde 14. Asante, narekodi upya.

BitiUani

Wakuu, toleo la pili liko kwenye linki ileile. Kiki milisekunde 135, besi inaanzia 80, limita nje, kilele -6.2. Kipimo cha hedifoni kwenye maiki kimetoa milisekunde 27, nimesogeza sauti zote. Kurudia kumebaki kwa maneno ya mwisho. Ngoma za mkono nimezikata pigo kwa pigo upande wa kiitikio, kwenye mistari nimeacha zilizokimbizwa na kuzikata chini ya 250. Kiki sasa zinalingana. Kinachonikera bado ni 0:52, kuna kitu kinachoma masikio MC akitamka "s".

FundiMiksa

Nimesikia, na si "s" peke yake. Haihati yako ya pili inaangukia palepale, zote ziko 7 hadi 8 kHz. Ukiminya "s" mpaka ipoe, MC ataanza kusema kwa kithembe. Dieesa (inayopunguza ukali wa "s") iguse dB 3 tu kwenye 7 kHz, halafu haihati ya pili ihamishe kulia asilimia 30 na uishushe dB 2. Makofi ya 1:05 yamekaa vizuri, usiyaguse. Baada ya hapo weka limita, toa ya -9 na ya -7, uzisikilize zote mbili kwenye ile simu ya mwanzo.