Naomba ushauri: mpwa wangu anataka kulala kisiwani peke yake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mpwa wangu ana miaka 17, tupo Wete, Pemba. Kashikilia kwenda kukaa siku nne peke yake kwenye kijisiwa kisicho na watu, bila kiberiti wala chakula. Dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, kaenda nao mara mbili, lakini kule kuna wenzio na sufuria.

Juzi alipekecha moto uani kwa ulindi (kijiti cha kupekechea) na uwimbombo (kijiti kinachopekechwa). Alianza baada ya alasiri, moshi ukatoka karibu na magharibi, moto wenyewe hakuna. Viganja malengelenge matupu! Mama yake akamtupia kiberiti.

Njaa hainitishi, kombe na kaa atapata maji yakitoka. Hofu yangu maji ya kunywa: pale ni mawe ya matumbawe tu, hakuna kisima wala mnazi wa kuangua dafu. Nimemwambia achukue madumu mawili ya lita 20, anasema hiyo siyo "kujitegemea".

Waliowahi kukaa hivyo, yatamtosha? Na aende bamvua, maji yakijaa na kutoka sana, au maji mafu, yakijaa na kutoka kidogo? Mimi mjomba wake, ruhusa wananisubiri mimi.