Tupeane uzoefu: miaka ya mwisho ya ukumbi mdogo wa muziki uliokulea

Ndugu zangu wa Kampala na kwingineko, juzi nilipita Nsambya nikakuta pale nyuma ya gereji, palipokuwa na ukumbi wetu, pamechimbwa msingi wa ghorofa. Nilimsimamisha bodaboda, nikatazama mpaka akaniuliza kama nimepotea. Pale ndipo niliposikia panki, ule muziki wa roki wa kasi na makelele, mara ya kwanza: vijana watatu, Kiswahili na Luganda humo humo, dramu kubwa imezibwa tundu kwa selotepu. Kiingilio 5,000, na asiye nayo alibeba spika. Mliokuwepo, au mliokuwa na chumba kama kile kwenu, simulieni ilivyokuwa mwishoni.

Fundi Mitambo
Mimi ndiye niliyekuwa nashika mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Watu husema korona ilituua. Ni kweli tulifungiwa Machi 2020, na starehe za usiku hazikuruhusiwa tena mpaka 24 Januari 2022. Lakini tulirudi! Siku ile nilifungua mlango, trei za mayai nilizobandika ukutani kuzuia sauti zimetafunwa na panya, gitaa la besi nyuzi zote nne zina kutu. Nilikaa chini nikalia. Kilichotumaliza ni malimbikizo ya kodi ya pango. Tuliuza spika mbili kubwa tulipe, halafu kila onyesho tukawa tunakodi spika. Pesa ya mlangoni yote ikaenda kwa mwenye spika, bendi zikaondoka na nauli tu.

Mgeni wa Goma
Mimi ni mtu wa rumba, nilifika Kampala 2012. Kumbi kubwa ziliniuliza nina bendi gani, nina mavazi gani. Wale watoto wa panki waliniuliza kitu kimoja: unapiga lini? Mwishoni, majirani walipochoka na makelele, tulihamishia maonyesho saa nane mchana. Jua kali, mabati yanawaka, watu 15, na bado mtu anaimba mpaka sauti inakauka. Sijapata tena wasikilizaji kama wale.

Msomaji wa Jinja
Poleni sana. Hata klabu ya CBGB ya New York, ilikolelewa panki tangu miaka ya 1970, ilifungwa Oktoba 2006 baada ya mgogoro wa kodi ya pango. Chetu hapa Jinja kilikuwa chumba cha duka tu. Mwenye nyumba alipata mpangaji wa simu na vocha, tukapewa mwezi mmoja.

Mama wa Rolex
Binti yangu ananiandikia. Wanangu, muziki ule sikuuelewa, ila nilikaanga rolex zangu, chapati za kukunjwa na mayai, getini miaka sita na hakuna aliyenidhulumu. Walikula kwa deni, wakalipa. Mwaka wa mwisho walikuwa wanapungua mmoja mmoja, wengi wamekwenda Uarabuni kutafuta kazi. Yule mpiga dramu mrefu alikuja kuniaga usiku, nikamfungia mayai mawili ya njiani. Akaniachia vijiti vyake, akasema, "Mama, nitavifuata." Nimevifunga kwenye kitenge, viko kabatini. Kimoja kimeliwa ubavuni kama muwa.

Mwanzisha mada
Mama, shikamoo. Hivyo vijiti usimpe mtu. Namba yake ya Dubai ninayo, usiku huu nampigia nimwambie bado unavyo. Jumapili nakuja kukusalimia.